Ruta ya nyumbani: chagua DNS yako mwenyewe

Kuna swali ambalo naulizwa karibu kila wiki: "Nikiweka 8.8.8.8 kwenye ruta yangu, intaneti itakuwa kasi?" Jibu fupi ni kwamba pengine utaona tofauti kidogo, pengine hutaona kitu. Jibu refu ndilo hili hapa chini, kwa sababu nadhani tunauliza swali lisilo lenyewe. La kuuliza ni hili: ni nani unayemwamini akuonyeshe njia kila unapofungua tovuti?

Msimamo wangu nautoa mapema kwa yule asiye na muda wa kusoma yote. Kila nyumba yenye ruta inafaa ijue DNS yake ni ya nani, na iwe imeichagua kwa kukusudia. Na kabla hujagusa DNS, badilisha neno la siri la ruta. Sasa tuendelee.

DNS inafanya kazi gani?

Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa nambari, yaani anwani za IP. Hapo zamani majina ya kompyuta zote za mtandao yaliwekwa kwenye faili moja, na mtandao ulipokua faili hiyo ikalemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa DNS kuchukua nafasi yake. Tangu hapo, ukiandika jina la tovuti, kifaa chako kwanza huuliza seva fulani: "Huyu anakaa wapi?" Seva inarudisha nambari, ndipo safari inaanza.

Chukua mtaa ambao nyumba hazina nambari, kama mitaa yetu mingi. Unafika getini unamuuliza mlinzi, "Mzee, kwa Mama Otieno ni wapi?" Naye anakuelekeza. DNS ni mlinzi huyo. Sasa angalia mambo matatu. Kwanza, mlinzi anajua kila mtu unayemtembelea. Pili, akisinzia, utabaki umesimama getini hata kama barabara ni nzuri. Tatu, akinunuliwa na wezi, atakupeleka kwenye nyumba nyingine yenye geti la rangi ile ile, nawe utaingia ukitabasamu.

Wezi walilijua hili kitambo

Hilo la tatu si hadithi ya kutishia watu. Kuanzia mwaka 2007 kulikuwa na virusi vilivyoitwa DNSChanger. Kazi yake ilikuwa kubadilisha DNS ya kompyuta ili maswali yote yaende kwa seva za wahalifu. Vilijaribu pia kuingia kwenye ruta kwa kutumia maneno ya siri ya kiwandani. Novemba 2011, FBI ilipotangaza kukamatwa kwa Waestonia 6 katika kesi hiyo, kompyuta zilizoambukizwa zilikadiriwa kuwa kama milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. Seva zile hazikuweza kuzimwa papo hapo, maana watu wengi wangekosa intaneti bila kujua sababu. Ilibidi ziwekwe seva safi mahali pake hadi tarehe 9 Julai 2012.

Brazil nako, kati ya mwaka 2011 na 2012, wezi walibadilisha DNS za modemu za nyumbani zipatazo milioni 4.5, kwa hesabu iliyotolewa na mtafiti wa Kaspersky. Mtu alifungua tovuti anayoijua akapelekwa kwenye ya bandia. Kompyuta yake haikuwa na virusi hata kimoja, kwani tatizo lilikuwa kwenye kile kiboksi chenye taa kilichokaa juu ya kabati.

Ndiyo maana nashangaa tunavyoziacha ruta zetu. Fundi anakuja, anapitisha kebo, anawasha, anakupa neno la siri la waifai, anaondoka. Kuanzia siku hiyo hakuna anayeigusa isipokuwa kuizima na kuiwasha. Neno la siri la waifai tunalibadilisha ili jirani asitumie bando letu, lakini neno la siri la kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe linabaki "admin". Ni kama kufunga mlango wa mbele na kuacha funguo za nyumba nzima dirishani.

Na hii kasi je?

DNS inatumika mwanzoni tu, kutafuta nambari. Ukishaipata, kifaa huiweka akiba kwa muda na kuendelea na kazi. Kwa hiyo kama unalipia Mbps 10, DNS yoyote ile haitakupa 20. Kinachoweza kubadilika ni ule muda mfupi wa kusubiri kabla ukurasa haujaanza kufunguka, na hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde.

Kuna hata uwezekano wa kupoteza. Kampuni kubwa za video na picha huweka nakala za vitu vyao karibu na watumiaji, na nyingi huamua wakupeleke wapi kwa kuangalia swali la DNS limetoka upande gani. Seva ya DNS ya kampuni yako ya intaneti kwa kawaida iko karibu nawe, hivyo utaelekezwa karibu. DNS ya Google huweza kupitisha sehemu ya anwani yako ili jibu lilingane na mahali ulipo. 1.1.1.1 ya Cloudflare haifanyi hivyo, kwa ajili ya kulinda faragha, na hutegemea kuwa na seva nyingi duniani. Kwa hiyo pima mwenyewe. Jaribu moja kwa siku 2 au 3, halafu nyingine, kwa matumizi yenu ya kawaida, hasa saa za jioni.

Uchague ipi?

Mimi nazitazama hivi. 8.8.8.8 na 8.8.4.4 ni za Google, zilianza Desemba 2009, na ni imara. 1.1.1.1 na 1.0.0.1 ni za Cloudflare, zilianza Aprili 2018. 9.9.9.9 na 149.112.112.112 ni za Quad9, shirika lisilo la faida ambalo tangu 2021 makao yake yako Uswisi. Hii ya mwisho inakataa kukupeleka kwenye tovuti zinazojulikana kuwa za wizi au za kusambaza virusi. Wenye watoto wanaweza kutazama 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za Cloudflare, ambazo huzuia pia tovuti za ngono.

Kwa nyumba ya kawaida yenye watu wanaobonyeza kila kiungo kinacholetwa na WhatsApp, mimi ningeanza na Quad9. Lakini ukiridhika kwamba DNS ya kampuni yako inajibu vizuri na haikutupi kwenye kurasa za matangazo unapokosea jina la tovuti, kubaki nayo ni uamuzi halali, mradi uwe umeuamua wewe.

Jinsi ya kufanya

1. Geuza ruta uangalie kibandiko cha chini. Utaona anwani yake, mara nyingi 192.168.0.1, 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Iandike kwenye kivinjari.

2. Badilisha neno la siri la msimamizi. Liandike kwenye daftari, si kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye ruta. Kama kuna sehemu inayoruhusu kuingia kwenye mipangilio ukiwa nje ya nyumba, izime.

3. Piga picha mipangilio ya DNS iliyopo kabla ya kugusa chochote. Mambo yakiharibika utarudi ulikotoka.

4. Tafuta ukurasa wa DHCP, upande wa LAN, uweke anwani mbili ulizochagua. Zote mbili ziwe za huduma moja. Usiweke ya kuchuja pamoja na isiyochuja ukidhani ya pili itatumika tu ya kwanza ikikwama. Vifaa vingine huuliza yoyote kati ya hizo mbili, na hapo kichujio chako kinakuwa na tundu.

5. Zima waifai ya simu na kompyuta kisha uwashe tena, ili zipokee mipangilio mipya.

Ukiona hakuna kilichobadilika, angalia IPv6. Ruta inaweza kuwa inagawa DNS ya zamani kwa njia hiyo. Na ruta nyingine zinazotolewa na kampuni za intaneti zimefungiwa sehemu hii kabisa. Hapo weka DNS kwenye kila kifaa, au nunua ruta yako uiunganishe nyuma ya ile ya kampuni.

Usidanganyike

DNS ya kawaida husafiri wazi. Kampuni yako inaweza kuyasoma maswali yako hata yakienda kwa Google, na inaweza hata kuyajibu yenyewe. Machi 2014, serikali ya Uturuki ilipofunga Twitter, watu waliandika 8.8.8.8 kwa rangi kwenye kuta za mitaa. Baada ya siku chache Google ikatangaza kwamba kampuni nyingi za intaneti za huko zilikuwa zimeweka seva zinazojifanya ndizo DNS ya Google. Dawa ya hilo ni DNS iliyofichwa kwa usimbaji. Simu za Android zinayo tangu toleo la 9 la mwaka 2018, na baadhi ya ruta mpya zinayo. Hata hivyo haikufanyi usionekane kabisa, maana kampuni bado inaona anwani za IP unazoelekea.

Jambo la mwisho: kivinjari kikikuonya kwamba cheti cha tovuti ya benki hakiaminiki, usilazimishe kupita. Mlinzi akikudanganya njia, onyo hilo ndilo linalokuambia kwamba nyumba uliyofika siyo.

Wanaoishi kwenye ploti zenye waifai ya pamoja wana swali gumu zaidi, maana mwenye ruta ndiye anayewachagulia wapangaji wote. Muulizeni, kwa adabu, kama lile neno la siri bado ni "admin". Na wewe wa nyumbani kwako, jioni ya leo tenga dakika 15 uingie kwenye ruta. Ukikuta hapo anwani ya DNS usiyoijua, usilale kabla hujajua ni ya nani.