Ufa Umezibwa, Sakafu Bado Inatitia

Mzee wa Kiiraqw aliyelelewa kwenye tembe hahitaji kuelezwa habari za boriti kupinda. Paa la tembe ni bapa na limefunikwa udongo. Kule Irqwar Da'aw, Mbulu, nyumba za zamani zilichimbiwa mlimani, hata upande wa nyuma paa likakaribia usawa wa ardhi. Mvua ikikolea, udongo ule hunywa maji na uzito huongezeka. Boriti ikianza kulegea, dawa inajulikana: punguza udongo juu, simika nguzo chini, ng'oa mti ulioliwa na mchwa.

Mzigo kwanza, kiraka baadaye. Busara hiyo imeachwa tembeni.

Katika nyumba za matofali na bati za Katesh au Dongobesh, sakafu ni jamvi la zege. Likipasuka, mwenye nyumba hununua mfuko wa saruji, fundi anaziba, analipwa, anaondoka. Masika ijayo ufa uko palepale, safari hii na kona ya chumba imetitia. Wahenga walionya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa watu wanaziba, na ukuta wanajenga vilevile.

Saruji husingiziwa bure. Mara nyingi chini yake kuna kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa, au maji ya paa yanayotiririkia mguu wa ukuta mwaka hadi mwaka. Kwenye udongo mweusi wa mbuga hali ni ngumu zaidi, maana hufura ukilowa na kunywea ukikauka.

Fundi makini hugonga sakafu kwanza. Panapolia kama debe tupu, pamebaki uwazi chini. Hapo anavunja, anatoa kifusi, anarudisha moramu kwa tabaka nyembamba, kila moja ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa, ndipo zege lifuate. Kwa dari au sakafu ya mbao, boriti iliyobonyea huinuliwa kwa jeki kidogo kidogo, kwa siku kadhaa. Ukiikurupusha, plasta itapasuka. Kisha ubao mpya hufungwa kwa bolti ubavuni mwa ule wa zamani, ukivuka sehemu iliyooza hadi kwenye mti mzima. Na chanzo cha unyevu kikiachwa, mchwa watarudi kumalizia karamu.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope kutoka Mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80. Macho ya nchi yakaelekea kwa waliopoteza nyumba, na ndivyo ilivyostahili. Lakini nyumba iliyosalimika baada ya maji kupita chini yake nayo inataka kukaguliwa. Halmashauri za Hanang na Mbulu zina wahandisi. Wapite mitaani kabla ya mvua za Novemba, wakiwa na nyundo na pimamaji, na waanzie kwenye nyumba zisizo na mifereji ya bati wala mtaro wa kuyapeleka maji mbali na msingi.