Tarishi Anayerudishwa Langoni

Chukua mfano, ndugu msomaji, wa mama aishiye katika nyumba za askari, auzaye vikapu na mikeka kwa njia ya tovuti iliyojengwa kwa WordPress, programu iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Mteja hujaza jina, idadi ya vikapu na namba ya simu, kisha hubonyeza kitufe cha kutuma. Kiduara chazunguka, chazunguka, wala jibu haliji. Mama amwita kijana aliyemtengenezea tovuti. Kijana ajaribu, na fomu yapita bila taabu. Basi mteja aambiwa kuwa simu yake ndiyo mbovu, na oda za juma zima zapotea.

Kijana amejaribu akiwa ameingia kama msimamizi wa tovuti. Mwenye funguo hawezi kujua kuwa mlango umefungwa kwa wengine.

Fomu ya namna hii haifungui ukurasa mpya. Kivinjari humtuma tarishi nyuma ya pazia, na mara nyingi tarishi huyo hupitia faili liitwalo admin-ajax.php. Faili hilo limo ndani ya folda ya utawala, wp-admin, ingawa huwahudumia hata wageni wasio na neno la siri. Hapo ndipo shida ianzapo. Ziko programu-jalizi ziwekwazo ili kuwazuia wasio wasimamizi wasiingie katika ofisi hiyo. Zikimwona mgeni, humgeuza njia na kumpeleka ukurasa wa mbele. Mlinzi huyo ni mwaminifu, lakini hakufundishwa kumtofautisha mzururaji na tarishi mwenye bahasha. Na kwa kuwa kivinjari hutii amri ya kugeuka kimya kimya, tarishi hurudi na ukurasa wa mbele mzima badala ya jibu fupi lililongojewa. Namba ya mwisho huwa 200, yaani hali ni shwari! Fomu yashindwa kuusoma mzigo huo, na kiduara chaendelea kuzunguka.

Hatua ya kwanza mama aweza kuifanya mwenyewe: afungue dirisha la faragha la kivinjari, aijaribu fomu kama mgeni. Ikikwama, kijana akae kwenye kompyuta, abonyeze F12, afungue sehemu ya mtandao, kisha atume fomu tena. Mstari wa admin-ajax.php ukiwa na namba 302 au 301, tarishi amegeuzwa, na neno Location litaonyesha alikopelekwa. Tangu toleo la 5.1 la mwaka 2019, WordPress huongeza mstari uitwao X-Redirect-By, umtajao aliyetoa amri. Programu-jalizi yenye adabu hujitaja kwa jina. Isiyojitaja huandikiwa WordPress tu, na hapo hapana budi kuzizima moja moja, baada ya kuweka nakala ya akiba. Mstari huo usipoonekana kabisa, achunguze kwanza seva, hasa faili la .htaccess.

Wako washaurio kwamba mlinzi aondolewe. Ushauri huo ni wa hatari, kwani ofisi ya utawala ndiyo yenye kila kitu. Mlinzi abaki, ila aongezewe sharti moja: kabla ya kumgeuza mtu, aulize wp_doing_ajax(), swali lililoletwa na toleo la 4.7 mwaka 2016. Jibu likiwa ndiyo, tarishi apite. Kupita langoni si kuruhusiwa kila jambo. Programu-jalizi ya fomu yapaswa yenyewe kukagua ruhusa na yaliyomo bahashani.

Mara nyingine mgeuzaji ni seva yenyewe, inayohamisha anwani ya zamani kwenda mpya. Kwa amri ya 301 au 302, kivinjari hubadili ombi la kupeleka likawa la kuchukua, na mzigo wote hudondoka njiani. Amri za 307 na 308 huulinda mzigo, lakini iliyo bora ni kusahihisha anwani ndani ya fomu.

Ama oda za juma lile, hazimo popote, kwa sababu tarishi aligeuzwa kabla hajafika dukani. Kumbukumbu za seva zaweza kuonyesha saa ya kila ombi, si jina la aliyeagiza. Mama hana la kufanya ila kuandika namba yake ya simu juu ya fomu na kuwangoja wateja wapige.