Kunde zifungiwe presha, mchicha ubaki nje



Ndugu msomaji, katika kliniki ya wajawazito ninapofanya kazi, kipimo cha wingi wa damu huchukua dakika chache tu. Tone moja la kidoleni, kisha namba. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi saba alitoka na 7.9. Kwa mimba ya umri huo tunataka isishuke chini ya 11. Nikamwandikia vidonge vya damu, nikampima malaria, nikampa dawa ya minyoo, kisha nikaanza yale maneno ambayo sisi matabibu tunayasema kama kaseti: ale nyama, ale maini, ale samaki, ale mayai. Akaniangalia kwa adabu, akasema, "Daktari, nyama kwetu ni ya Idi."

Nikaona haya kidogo. Nikamuuliza nyumbani kuna nini. Akasema kuna kunde, karibu debe zima, mama yake amemletea kutoka shamba. Sasa mbona hazili? Anazila, lakini mara moja kwa wiki, kwa sababu zinamaliza mkaa. Siku nyingine ni chai na mkate asubuhi, ugali na mchicha mchana, na chai tena mara tu baada ya chakula. Yaani dawa ipo ndani ya debe chini ya kitanda, na mwenye nayo anaishiwa damu.

Huyu si peke yake. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, malaria na minyoo zikiwamo, na kuzaa kwa kufululiza. Lakini jiko nalo limo.

Maoni yangu ni haya, na najua yatawaudhi baadhi ya waume wenzangu: nyumba yenye televisheni kubwa, seti ya makochi na simu mbili za mwenye nyumba, lakini haina sufuria ya presha, imekosea mpangilio. Tunamwachia mama akae saa nzima na zaidi mbele ya jiko la mkaa, na kunde zikiwa za mwaka jana huenda karibu saa mbili, mtoto yuko mgongoni, wote wanavuta moshi ule ule. Halafu mtoto akibanwa na kifua tunakuja zahanati kuuliza kimetoka wapi. Sote tumesoma katika vyuo vyetu kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Kumpunguzia mtu saa moja ya moshi kila siku nako ni kuhudumia.

Tusizidharau kunde zenyewe. Asili yake ni Afrika hii hii. Zile nyeupe zenye doa jeusi kama jicho zilivuka bahari wakati wa biashara ya utumwa, na mpaka leo watu wa kusini mwa Marekani huzila siku ya mwaka mpya pamoja na majani ya jamii ya sukuma wiki, wakiamini zinaleta heri. Kwetu zilikotoka, mgeni akija tunazificha tunakimbilia buchani! Kikombe kimoja cha kunde zilizoiva kina protini karibu gramu 13, madini ya chuma karibu miligramu 4, na foleti, ile vitamini ya kutengeneza damu, karibu maikrogramu 350. Mjamzito anahitaji maikrogramu 600 za foleti kwa siku, kwa hiyo kikombe kimoja kimeshampeleka zaidi ya nusu ya njia. Kwa upande wa chuma niseme kweli: anahitaji miligramu 27, na kunde peke yake hazitafika huko. Ndiyo maana vidonge vya kliniki vinabaki pale pale. Asije mtu akaacha vidonge akasema tabibu wa gazetini ameagiza kunde.

Turudi kwenye sufuria. Watu wanaiogopa. Bibi mmoja aliniuliza kama chakula chake kinaleta presha. Hapana bibi, jina limegongana tu. Presha ya sufuria ni mgandamizo wa mvuke. Maji kwenye sufuria ya kawaida yakichemka hufika nyuzi 100 na hayaendi zaidi hata ukiongeza mkaa gunia zima. Unapoufungia mvuke usitoke, joto hupanda mpaka karibu nyuzi 121. Aliyegundua chombo cha namna hii ni Mfaransa Denis Papin, mwaka 1679. Na nikwambie jambo: ukija zahanati kushonwa kidonda, mkasi na koleo vimepikwa kwenye chombo cha aina hiyo hiyo, nyuzi 121, dakika 15 au zaidi, ndipo vikawa salama. Ni sufuria ya presha, ila kubwa na haina kunde ndani.

Wengine husema inalipuka. Nakiri, inaweza kumdhuru mtu, na mimi ni shahidi kwa sababu ilinitokea mwenyewe. Nilipoinunua kwa mara ya kwanza, mke wangu alikuwa kwao kwa msiba, nikataka kumwonesha kwamba mwanamume naye anaweza. Nikatia kila kitu kwa pamoja: kunde, mchicha, nyanya, kitunguu, tui la nazi, na maji mpaka karibu na ukingo. Nikafunga. Baada ya muda kile kizito cha juu kikaacha kupiga filimbi. Nikadhani moto umepungua, kumbe jani la mchicha limeziba tundu la mvuke. Kwa haraka zangu nikalazimisha mfuniko. Dari la jiko letu lina doa la kijani mpaka leo, na mkono wangu wa kushoto ulibabuka kidogo. Alhamdulillah haukuwa uso. Mama mkwe alipopata habari alisema sufuria hiyo isikanyage nyumbani kwake.

Sasa tazama makosa yangu pale, maana ndiyo nayoyaona kwa wengi. Nilijaza kupita kiasi. Kunde na maharage hutoa povu, kwa hiyo nafaka na maji yake visizidi nusu ya sufuria, na kijiko kimoja cha mafuta hutuliza povu. Sikulitazama tundu la mvuke kabla ya kufunga. Linyanyue mfuniko kwenye mwanga, ukiliona linapitisha mwanga ni zima, usipoona lizibue. Nilitia tui, ambalo hushika chini na kuungua. Na kosa kubwa kuliko yote ni kufungua kwa nguvu. Mfuniko unaogoma unakwambia bado kuna mvuke. Uache. Itoe sufuria motoni, kaa dakika 10 hadi 15, ukinyanyua kizito na hakuna pumzi inayotoka, utafunguka wenyewe kwa ulaini. Mpira wa mfuniko ukipasuka au ukikakamaa, nunua mwingine, usifunge kwa kitambaa. Na watoto wasicheze karibu. Aliyeungua amwagiwe maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20 kisha aje zahanati. Dawa ya meno, unga wa ngano na mafuta ya kupikia havina kazi juu ya kidonda, vinatuchelewesha tu tunapovisafisha.

Lakini hata kama lile jani lisingeziba, mchicha wangu ulikuwa umeshakufa. Hili ndilo hasa nilitaka kulisema leo. Kunde zinahitaji presha, mchicha hauihitaji. Vitamini C haivumilii moto wa muda mrefu, foleti nayo hupungua, na zote mbili hukimbilia kwenye maji. Ukiufungia mchicha dakika 20 kwenye nyuzi 121 unabaki na rangi ya kaki na ladha ya maji ya dimbwi. Na vitamini C si pambo. Chuma cha kwenye kunde na majani mwili hukipokea kwa shida, si kama cha nyama. Vitamini C ikiwapo tumboni kwa wakati ule ule, kinapokelewa vizuri zaidi. Kwa hiyo anayeua mchicha anazipunguzia kunde thamani yake pia.

Namna tunavyopika nyumbani kwetu sasa ni hivi. Baada ya Isha kunde zinachambuliwa, wenye dumuzi na mawe wanatoka, zinaoshwa na kulowekwa. Asubuhi maji yale yanamwagwa, maana yanaondoka na sehemu ya vile vinavyojaza gesi tumboni na vile vinavyokishika chuma kisipokelewe. Kunde zinaingia kwenye presha na maji yanayozizidi kwa vidole viwili. Kizito kikianza kupiga filimbi tunapunguza moto. Kwenye jiko la mkaa funga kidirisha cha chini na utoe makaa mawili matatu. Dakika 10 zinatosha kwa kunde zilizolowekwa. Ambazo hazikulowekwa dakika 20. Maharage yanataka zaidi. Magadi hatutii kabisa. Kweli yanalainisha, lakini yanaharibu vitamini, na mwenye presha ya damu hahitaji chumvi ya ziada ya mlango wa nyuma. Nyanya nazo zisubiri, uchachu wake huzifanya kunde zigome kulainika.

Wakati sufuria inapoa, kitunguu na nyanya vinakaangwa pembeni kwa mafuta kidogo, kisha kunde zinamiminwa humo pamoja na maji yake ya kuchemshia. Hayo usiyamwage, ndimo ilimo foleti. Tui kama lipo. Mchicha unaingia mwisho, dakika 3 hadi 5, sufuria ikiwa haina presha. Majani ya kunde ni magumu kidogo, yape kama dakika 10. Chakula kikishuka motoni, kamua ndimu. Mafuta yale ya kukaangia au tui lina faida yake pia, kwa kuwa vitamini A ya kwenye majani huhitaji mafuta ili ipokelewe.

Mchicha uoshwe kabla ya kukatwa, si baada ya kukatwa. Akina mama wengi hukata kwanza kisha wanaosha mara tatu, na kila maji wanayomwaga yana rangi ya kijani. Hiyo kijani ndiyo mliyoinunua! Kwa wakazi wa Dar es Salaam, tunajua mchicha mwingine unalimwa kandokando ya Mto Msimbazi, na maji ya pale kila mtu anayajua. Osha jani kwa jani kwa maji mengi safi, na ukiweza kujua shamba unalonunulia, bora zaidi. Kisamvu msikiingize katika habari hii. Chenyewe kina sumu yake, hutwangwa na kuchemshwa vizuri sufuria ikiwa wazi ili itoke na mvuke.

Chai sasa. Nikiwagusa hapa wengine wanafunga gazeti. Sisemi muache chai. Ninasema ipishane na chakula kwa saa moja. Chai na kahawa zina kitu kinachokikamata chuma tumboni kabla mwili haujakichukua, na kinakamata hata kile cha kwenye vidonge vya damu. Mjamzito anayemezea vidonge kwa chai ya rangi anatupa sehemu kubwa ya dawa aliyopewa. Ameze kwa maji, au juisi ya chungwa.

Wenye umeme wanaweza kutazama sufuria za presha za umeme, ambazo hujizima zenyewe na hazina mambo ya makaa. Kupika kunde humo hakufiki hata uniti moja. Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Bei bado ni kubwa kwa wengi, sikatai. Akina mama wanaocheza upatu wanaweza kufanya mzunguko mmoja wa sufuria badala ya vyombo vya kabatini ambavyo havitumiki. Ile ya kawaida ya kuweka juu ya moto ni nafuu zaidi, ila usinunue iliyotumika ambayo kizito chake kimepotea na muuzaji amekichongea kingine.

Neno kwa ajili ya Ramadhani, maana kunde za nazi ndiyo futari ya nyumba nyingi. Zilizobaki baada ya futari zisiachwe juu ya meza mpaka daku. Tui huchacha upesi kwenye joto letu, na kufunikwa ndani ya sufuria ya presha hakusaidii, ile si friji. Pika kunde nyingi bila tui ukitaka, gawa, tia tui kwenye zinazoliwa saa ile tu. Za daku zipashwe mpaka zichemke kabisa. Kila mwaka tunapokea familia nzima wanaoharisha usiku wa manane, na ukiuliza walikula nini, jibu ni hilo hilo.

Yule mama alirudi baada ya wiki nne. Namba ilikuwa 9.6. Vidonge alikuwa anameza kwa maji, chai ameisogeza mbali na chakula, na kunde anapika mara nne kwa wiki kwa sufuria aliyoiazima kwa wifi yake. Nimemwambia siku ya kliniki ijayo aje na mumewe, nina la kumuuliza kuhusu hiyo sufuria ya kuazima.