Hofu si dhambi, lakini isiwe bwana wetu



Siku moja tulikuwa tukiwafundisha wakatekumeni habari za Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Kijana mmoja akainua mkono, akauliza: “Mwalimu, ikiwa Floribert alimtumaini Mungu, mbona Mungu hakumwokoa?” Darasa zima likanyamaza. Nasi tukanyamaza, kwa maana jibu tulilozoea kulitoa, kwamba Mungu huwakinga na kila baya wale wanaomtumaini, lilikuwa limekwisha kuangushwa na swali lenyewe. Tumelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, na leo twapenda kuwashirikisha maoni yetu.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Floribert alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alikuwa mwana wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akajitoa kwa ajili ya watoto wa barabarani, wale ambao huko Goma huitwa maibobo. Alipata kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa. Hapo aliletewa hongo ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite na kuuzwa kwa watu. Akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri na shahidi wa imani.

Je, mtu kama huyo hakuogopa? Sisi hatuamini hivyo. Mwenye akili timamu akitishwa, moyo humdunda. Bwana wetu mwenyewe, katika bustani ya Getsemani, alipatwa na uchungu na fadhaa. Aliomba kikombe kile kimwepuke, kisha akayaweka mapenzi ya Baba mbele ya mapenzi yake. Basi anayewaambia Wakristo kwamba kuogopa ni kukosa imani, anawatwika mzigo ambao Kristo hakuwatwika. Hofu ni kama kengele: hutujulisha kwamba hatari ipo. Woga ni jambo jingine. Woga ni kuikabidhi kengele hiyo uongozi wa nyumba, ili ituamulie la kusema, la kunyamazia, na mlango wa kufunga jirani anapobisha.

Kuna mahubiri siku hizi yanayoifanya imani kuwa kama hirizi. Twaambiwa: amini, nawe hutaugua, toa sadaka, na adui hatakugusa. Mambo yakienda kinyume, mgonjwa huambiwa kwamba imani yake ilikuwa haba. Twasema wazi kwamba hilo si tumaini la Kikristo. Hirizi huvaliwa ili mtu asiwe na haja ya kumtegemea yeyote. Tumaini ni kuushika mkono wa Mungu usiku, hata pale ambapo hatuioni njia. Anayemtumaini baba yake hamwambii, “Nitakupenda iwapo tu sitajikwaa.” Humwambia, “Nikijikwaa, najua hutaniacha.”

Wala tusidhani kwamba kumtumaini Mungu ni kujitupa hatarini ovyo. Mtakatifu Yosefu alipoonywa, alimchukua Mtoto na Mama yake usiku, akakimbilia Misri. Bwana aliwaambia wanafunzi wake kwamba wakifukuzwa katika mji mmoja waende mji mwingine. Kwa hiyo mama anayefunga godoro lake na kukimbia vita pamoja na watoto wake, kama wengi walivyofanya katika Kivu na Ituri, hana imani pungufu kuliko sisi tuliobaki majumbani mwetu. Tusimhukumu. Tumpokee.

Woga unaotupasa kuushinda mara nyingi ni mdogo zaidi, na kwa sababu ni mdogo hatuuungami. Mwalimu anaombwa abadili alama za mtoto wa mkubwa fulani, naye anabadili, akiogopa kuhamishwa. Karani anadai matabishi kwa sababu wenzake wote wanadai, na akikataa watamwona kama msaliti. Mama mzee anasingiziwa uchawi katika mtaa, nasi tunaomjua vema twainamisha vichwa, tusije tukasingiziwa pamoja naye. Katika mambo hayo hakuna bunduki iliyoelekezwa vichwani mwetu. Kuna kazi tu, na jina, na chakula cha kesho. Lakini ni katika mambo hayo hasa inapoonekana kama twamtumaini Mungu au twatamka maneno tu siku ya Dominika.

Tumaini hujifunzwa, kama kusoma kunavyojifunzwa, herufi baada ya herufi. Sisi twapendekeza njia tatu. Ya kwanza ni kuitaja hofu kwa jina lake mbele ya Mungu kila jioni. Tusiombe tu kwa jumla, “Bwana, utulinde,” bali tumwambie, “Bwana, namwogopa mkubwa wangu wa kazi, naogopa watoto watafukuzwa shuleni.” Ya pili ni kumshirikisha mwenzetu. Floribert hakutembea peke yake. Alikuwa na jumuiya iliyosali pamoja naye na kuwahudumia maskini pamoja naye. Shirika letu la mtaani lingekuwa mahali ambapo mtu aweza kusema, “Ndugu zangu, nimeombwa kufanya ubaya, nami naogopa,” na asichekwe, wala asiachwe na njaa akipoteza kazi. Tumaini lisilosaidiwa na unga wa jirani ni gumu kulihubiri. Ya tatu ni kuanza na udogo. Asiyezoea kukataa faranga mia chache za hila hatakataa maelfu ya dola siku yatakapoletwa. Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alimsamehe muuaji wake alipokuwa akishambuliwa. Msamaha kama huo haubuniwi kwa dakika moja. Hutoka katika moyo uliokwisha kuzoea kusamehe.

Tulirudi kwa yule kijana juma lililofuata. Tulimwambia kwamba Floribert hakutumaini kwamba hatakufa. Alitumaini kwamba maisha yake yako mikononi mwa Mungu, na kwamba wauaji waweza kuuchukua mwili wake, wasiweze kumfanya kuwa mwongo. Tulimwambia pia kwamba kuna watu, labda watoto wa umri wake, ambao hawakukila chakula kile kibovu, nao hawajui hata leo ni nani aliyewakinga. Mungu aliwalinda hao kwa njia ya kijana mmoja aliyekataa.

Kijana akafikiri, kisha akasema: “Basi, Mwalimu, huenda Mungu anataka kumlinda mtu kwa njia yetu sisi, nasi twaogopa.” Hatukuwa na la kuongeza. Twawaachia neno lake, ndugu wapendwa, kila mmoja alipeleke kazini kwake kesho asubuhi.