Wafadhili wa sanaa na deni la vigango vya Wagiriama

WAFADHILI wa sanaa kutoka mataifa tajiri wamekuwa, kwa miaka kadhaa sasa, wakikutana na kuzungumzia mshikamano na haki ya kijamii. Muungano wa taasisi za Marekani zinazotoa ruzuku kwa sanaa, Grantmakers in the Arts, uliandaa kongamano lake la mwaka 2023 mjini San Juan, Puerto Rico, na umekuwa ukiwahimiza wanachama wake watazame upya ni nani hupata fedha zao na ni nani huachwa mlangoni.

Taarifa za mikutano ya aina hii hufika kwenye meza za wahariri zikiwa kwa Kiingereza, nasi hukuna vichwa kabla ya kuandika "mshikamano". Neno lenyewe si gumu. Linalotatiza ni kwamba katika Kiswahili kushikamana huhitaji pande mbili, ilhali taarifa hizo mara nyingi huutaja upande mmoja tu, ule unaotoa.

Ukitaka kuupima mshikamano huo, nenda Mariakani. Msafiri wa barabara kuu ya Mombasa kuelekea Nairobi huujua mji huu kwa mizani ya malori na foleni yake. Lakini Mariakani imo katika eneobunge la Kaloleni pamoja na wadi ya Kayafungo, yenye jina la kaya kuu ya Wagiriama. Ni huko ambako Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu wake mwaka 1913 wazikatae amri za Waingereza, na ni kaya hiyo ambayo wakoloni waliilipua kwa baruti mwaka uliofuata. Mwaka 2008, Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliorodhesha misitu ya kaya za Mijikenda kuwa urithi wa dunia.

Katika nchi hiyo ya Wagiriama husimama, au tuseme vilisimama, vigango. Hivi ni vibao virefu vya mti mgumu, vilivyochongwa kwa umbo la binadamu na kutiwa nakshi, ambavyo husimikwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Kigango hakichongwi kwa sababu mtu amependezwa na nakshi. Huchongwa pale marehemu anapowajia jamaa zake katika ndoto na kudai makao yake, au maradhi na mikosi inapoiandama nyumba.

Kuna jambo moja katika mila hii ambalo limewagharimu Wagiriama pakubwa. Kigango kikishasimikwa hakiondolewi. Familia ikihamia shamba jipya, hukiacha kilipo na kusimika kibao kidogo huko iendako. Wafanyabiashara wa vinyago walipovikuta vigango katika maganjo, mbali na nyumba za watu, walidai kwamba vimetelekezwa. Madai hayo ni sawa na kusema kwamba kaburi ambalo halijafagiliwa mwaka mzima halina mwenyewe.

Biashara hiyo ilishamiri kuanzia miaka ya 1970. Vijana wasio na kazi walivichomoa usiku wakalipwa pesa kidogo, vikapitia katika maduka ya vinyago ya Mombasa, na hatimaye vikauzwa Marekani kwa maelfu ya dola kila kimoja. Wanunuzi waliochoka navyo, au waliotaka kupunguziwa kodi, walivitoa kama zawadi kwa makavazi. Kwa njia hiyo mamia ya vigango yakaingia katika ghala za makavazi na vyuo vikuu vya Marekani, kila kimoja kikiandikiwa lebo ya "sanaa ya Kiafrika".

Siri ilifichuka kwa sababu ya picha. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka mingi ilipita kabla ya Udvardy na mwenzake Linda Giles kuvitambua, kimoja katika makavazi ya jimbo la Illinois na cha pili katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa na kukabidhiwa familia mwaka 2007, katika sherehe iliyofanyika huku Kaloleni. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki.

Hapa pana somo kwa wafadhili. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayalazimu makavazi kurudisha mabaki na vitu vitakatifu vya wenyeji asilia wa nchi hiyo, lakini haigusi vitu vilivyotoka Afrika. Makavazi ya Denver, ambayo yalikuwa na vigango 30 vilivyotolewa na watu wa filamu mwaka 1990, hayakulazimishwa na mahakama yoyote kuviachilia. Yaliamua mwaka 2014 kwamba haikuwa haki kuendelea kuvishikilia. Nayo makavazi ya Illinois yalirudisha vigango 37 mnamo 2023. Mahali ambapo sheria haifiki, neno mshikamano linapata maana ya kweli.

Ila safari ya vigango vya Denver ilichukua miaka mitano. Vilipowasili Nairobi mwaka 2019 vilikwama forodhani, maafisa wakidai ushuru kana kwamba ni bidhaa zilizoagizwa kutoka ng'ambo. Kitu kilichoporwa nchini kilitakiwa kilipiwe ndipo kiingie tena. Aibu hiyo haiwezi kubandikwa mzungu yeyote. Ni yetu wenyewe.

Fedha za kudai urithi urudishwe zimekuwepo. Mwaka 2019 wakfu wa Open Society ulitangaza dola milioni 15 kwa miaka minne kwa ajili ya harakati hizo barani Afrika. Mradi mwingine, uliowakutanisha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wasanii na makavazi ya Ujerumani, ulihesabu vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya katika taasisi 30 za kigeni. Kazi hiyo ni ya maana sana. Hauwezi kudai kitu usichojua kilipo, kama Wapokomo wa Tana wanavyojua kwamba ngoma yao ngadji, iliyochukuliwa na Waingereza mwaka 1902, imo katika British Museum.

Hata hivyo, fedha hizo huelekea kwenye utafiti, maonyesho na makongamano, na hukoma kigango kinapotua uwanja wa ndege. Baada ya hapo kuna gari la kukipeleka kijijini, tambiko la kukipokea, na mlinzi wa kukilinda kisiibwe tena. Wazee hawawezi kuzipuuza gharama hizo, na ni nadra kuziona katika bajeti ya mradi. Tena fomu za kuomba ruzuku ni za Kiingereza, zinadai shirika lililosajiliwa, akaunti ya benki na hesabu zilizokaguliwa. Kamati ya wazee wa kaya huishia kumtegemea mtu wa mjini mwenye kompyuta, naye akishaijaza fomu, mradi huwa wake.

Wapo watakaouliza kwa nini tuwategemee wageni hata kidogo. Swali hilo ni la haki, hasa sasa. Shirika la USAID lilifungwa Julai 2025, na miezi miwili kabla ya hapo serikali ya Marekani ilikuwa imefuta ruzuku nyingi za wasanii wake yenyewe. Jirani zetu wa Zanzibar walikwisha kuonja uchungu huo: tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kuvuta watu kutoka kila pembe ya dunia, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Lilirudi mwaka uliofuata, lakini mwaka mmoja wa ukimya ulitosha kuonyesha jinsi kamba ilivyokuwa nyembamba.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Ratiba ya Nne inazikabidhi kaunti shughuli za kitamaduni. Kwa hiyo deni la kwanza ni la serikali ya kaunti ya Kilifi na madiwani wake, na wananchi wa Mariakani wanayo haki ya kulidai katika vikao vya maoni kuhusu bajeti, kama wanavyodai maji na barabara. Tatizo ni kwamba katika vikao hivyo utamaduni hutajwa mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kuanza kutafuta matatu ya kurudi nyumbani.

Hilo haliwaondolei wafadhili wa Marekani sehemu yao. Wizi wa vigango ulilipiwa na soko la Marekani, na waliotoa vigango kwa makavazi walinufaika kwa misamaha ya kodi ambayo ndiyo hiyohiyo inayozilea taasisi nyingi za ufadhili. Wakiketi tena kuzungumzia haki ya kijamii, waanze na ghala za makavazi wanayoyafadhili, waulize kuna vigango vingapi, kisha watenge fedha za kuvifikisha hadi kijijini, chini ya uamuzi wa wazee wenyewe. Baadhi ya familia huenda zikataka vya kwao visimame palepale viachwe vioze, maana ndivyo mila inavyotaka. Mfadhili anayependa kupiga picha za mradi wake atapata taabu kulikubali hilo.

Vile viwili vilivyorudi mwaka 2007 vilisimikwa upya kwa sherehe, mawaziri na mabalozi wakitoa hotuba. Kisha vikazungushiwa kizimba cha chuma ili wezi wasivifikie.