Nilitoa tano kwa tano, na nilidanganya

Wasee, mwezi uliopita nilialikwa kwa mafunzo ya Zoom. Siku mbili, masaa mawili kila siku, na bando unatumiwa. Mada: kuacha kubagua watu wanene. Tulikuwa kama ishirini hivi, watu wa kontenti na makocha wa jim. Mimi nilienda kwa sababu ya bando na cheti, sifichi.

Mwisho wa siku ya pili wakatuma fomu. Umeridhika kiasi gani, moja hadi tano. Mwezeshaji alielewa mada, moja hadi tano. Nikabonyeza tano, tano, tano, nikaandika "nimefunguka macho sana", nikaweka simu chini nikaenda kutafuta chapo.

Juzi wameleta ripoti kwa group ya WhatsApp. Ati karibu washiriki wote wameridhika. Makofi, emoji za moto, kila mtu anampongeza mwenzake. Mimi nasema hiyo ripoti ni upuzi, na nasema hivyo nikiwa mmoja wa walioipika.

Siku ile ya pili tuligawanywa kwa vikundi vidogo. Kwetu tulikuwa sita, na mmoja tu ndiye alikuwa mnene, dada fulani. Swali lilikuwa: toa mfano wa ubaguzi uliowahi kuuona. Kimya. Halafu sote tukamngoja yeye. Unaweza kufikiri kwa Zoom mtu hawezi kukodolewa macho, lakini bana, anaweza. Akatuambia aliwahi kwenda kliniki na maumivu ya sikio, na kitu cha kwanza alichoambiwa ni apunguze mwili. Sikio! Tukasema pole, asante kwa kutuambia. Kisha kocha mmoja akamuuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama amewahi kujaribu kuacha ugali usiku.

Dada akazima kamera. Baada ya dakika chache jina lake likatoka kwa skrini. Mwenye kuuliza lile swali alibaki hadi mwisho. Mimi pia nilibaki, na sikuwa nimesema kitu.

Sasa fikiria: linki ya fomu iliwekwa dakika za mwisho, kwa wale bado wapo. Yeye hakuiona. Kwa hiyo "karibu wote wameridhika" maana yake ni sisi tuliomfukuza tumeridhika. Mtu mmoja ambaye hayo mafunzo yalikuwa yanamhusu hayupo kwa hesabu.

Na hata wale tuliojaza, kwani kujisifu ni ushahidi? Mwaka 2019, Tessa Charlesworth na Mahzarin Banaji wa Harvard walichapisha utafiti wa majaribio zaidi ya milioni 4 yaliyofanywa mtandaoni na Wamarekani kati ya 2007 na 2016. Watu walipoulizwa wazi wazi, chuki dhidi ya wanene ilikuwa imepungua. Lakini ule upendeleo wa ndani, unaopimwa kwa kasi ya kuunganisha picha na maneno mazuri au mabaya, ulikuwa umeongezeka kidogo, wakati ule wa rangi ya ngozi na wa mapenzi ya jinsia moja ulikuwa unashuka. Mdomo ulikuwa umejifunza kusema vizuri. Na fomu yetu ilikuwa inauliza mdomo peke yake.

Najua mtaniambia, buda, si angalau wamejaribu? Sawa. Kuna vitu nilishika. Sikujua kuna dawa za kawaida zinazoongeza uzito, au kwamba jeni na usingizi vinahusika kiasi hicho. Mwezeshaji alifundisha vizuri. Lakini jioni ile ile, na cheti kwa simu, ile video yangu ya Mama Viti Viwili ilikuwa bado iko juu. Mnaikumbuka: nimevaa leso, nimeweka mto tumboni, makanga ananidai nauli mara mbili. Ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi, na fomu haikuuliza kuihusu. Haikuuliza mtu yeyote kama kesho atafanya kazi yake tofauti.

Na msiniambie ni mambo ya watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 hapa Kenya ulipata kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu, wa miaka 15 hadi 49, ana uzito uliozidi. Huyo ni mamako. Ni yule dem unayemwambia "umenona" kwa komenti halafu unaweka emoji ya kucheka ndio isiwe matusi.

Waandaaji, kama mnasoma hii: tafuteni walioondoka kabla ya mwisho na muwaulize wao kwanza. Na mkitaka kumtumia mtu mnene kama kitabu cha kusomea, mwombeni ruhusa mapema na mumlipe kama mlivyomlipa mwezeshaji. Sisi wengine turudieni baada ya miezi mitatu, mtuulize tumefuta nini na tumeacha kusema nini, halafu mwangalie kurasa zetu mkithibitisha.

Mama Viti Viwili nimemtoa Jumanne. Yule dada nimemwandikia kuomba msamaha. Amesoma, hajajibu, na hanidai jibu. Waandaaji nao nimewaomba wabadilishe tano zangu ziwe mbili. Wamesema fomu imeshafungwa.