Usaha Ukitoka, Jino Halijapona

Ndugu wafanyakazi, katika migodi ya Kibombo mtu akivunjika kidole kila mmoja hukimbia kumsaidia. Akivimba ufizi, huambiwa: «Ni jino tu.» Sisi twasema maneno hayo ni ya hatari.

Tufahamu kwanza ugonjwa wenyewe. Jino likitoboka, vijidudu huingia mpaka kwenye mzizi na kufanya usaha. Usaha hutafuta njia, hutoboa mfupa, na jipu dogo hutokea juu ya ufizi. Likipasuka, maumivu hupungua na mgonjwa hufurahi. Lakini mzizi ungali mgonjwa, na jipu litarudi palepale. Je, ukuta wa shimo ukichuruzika maji, twasema umepona kwa sababu maji yametoka?

Wengine hununua tetra sokoni, humeza vidonge viwili vitatu, ao humwaga unga wake ndani ya tundu la jino. Wengine huweka aspirini juu ya ufizi. Hiyo huunguza nyama. Dawa aliyoandika mganga yaweza kupunguza uvimbe, lakini haifufui jino lililokufa. Matibabu ya kweli ni kutoa usaha na kusafisha mzizi, ao kung'oa jino.

Kungoja kwaweza kuua. Mwaka 1836 daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig alieleza uvimbe unaoenea chini ya taya mpaka shingoni na kuziba pumzi. Mara nyingi huanza katika jino la chini la nyuma. Ukiona shingo inavimba, kinywa hakifunguki, kumeza ni taabu, ao kuna homa pamoja na uvimbe wa shavu, usingoje kuche: nenda hospitali usiku uleule.

Na ninyi akina mama: mtoto mdogo aliyedhoofika kwa njaa ao aliyetoka kuugua surua, akiwa na kidonda cha ufizi chenye harufu mbaya, apelekwe siku hiyohiyo. Yaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula uso kwa siku chache. Ukitibiwa mapema, huzuiliwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Kwa hiyo twaomba kila kapita: mwenye shavu lililovimba apewe ruhusa ya kwenda kwa mganga kama mwenye mguu uliovunjika, wala siku yake isikatwe. Njia ya Kibombo mpaka Kindu ni ndefu na treni haiji kila siku. Afadhali mtu aianze angali na nguvu.

Na wewe mfanyakazi, kidonda cha kinywa kisichopona katika majuma mawili, hata kama hakiumi, kionyeshe kwa mganga. Jino likitolewa mapema, baada ya siku chache mtu yuko kazini. Uvimbe ukishafika shingoni, haungoji ruhusa ya mtu.